Fremu Idumu Hadi Korosho Nyingine

Juma hili naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakivaa usoni bila kujiuliza kimefikaje pale. Nacho ni fremu ya miwani. Lenzi ina mtaalamu wake na namba yake, na namba ikikosewa jicho lenyewe litakuambia. Mimi nasema juu ya ile plastiki au ule waya unaoishika lenzi, na juu ya mtu anayekaa chini na kuamua kwamba duka lake litauza fremu hizi na si zile, na kwamba atazinunua kwa huyu na si kwa yule.

Kwa ninyi mlioko Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, uamuzi huo ni wa mwenye duka na faida yake. Fremu ikivunjika leo, kesho unavuka barabara unaingia duka jingine. Lakini hebu tushuke kusini, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, mpaka Masasi penye ile milima ya mawe, kisha tupande ukingo wa uwanda wa Makonde mpaka Newala, mji unaolichungulia bonde la Ruvuma kutoka juu. Huko maduka ya miwani ni ya kuhesabu. Na huko fedha huja mara moja kwa mwaka.

Hilo la fedha ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kufikia Januari hivi fedha nyingi imekwisha kulipwa: ada za shule, bati, pikipiki, madeni. Mzee anayenunua miwani Novemba ananunua kwa fedha ya korosho. Miwani hiyo ikimkatikia mkono mwezi Machi, hana fedha nyingine ya miwani mpaka korosho nyingine. Ni miezi minane kasoro kidogo ya kunyoosha gazeti kwa urefu wa mkono, mpaka mkono unakuwa mfupi.

Na tusidhani tunazungumzia wasomaji wa magazeti tu. Yumo fundi cherehani anayetunga uzi kwenye sindano, mchonga vinyago, mwalimu, shehe na padri. Yumo mama anayechambua mchele. Na yumo karani wa chama cha msingi anayesoma mzani na kuandika kilo za mkulima kwenye stakabadhi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, karatasi ile ndiyo mali ya mkulima. Karani asiyetofautisha 3 na 8 si tatizo lake peke yake.

Idadi ya watu hawa si ndogo. Watafiti waliopima macho ya wanavijiji wa Kongwa, Dodoma, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walikuta kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, zaidi ya 6 katika kila 10 walikuwa na ule uoni hafifu wa karibu unaoletwa na umri, na karibu wote hawakuwa na miwani. Sioni sababu ya kuamini kwamba macho ya Newala yanazeeka kwa namna nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilikadiria watu milioni 826 duniani wenye shida hiyo hiyo na wasio na miwani ya kuiondoa. Na kule Bangladesh, utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba watu wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea walipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa theluthi moja hivi baada ya miezi minane tu. Ni miezi minane ile ile, ila wenzetu wanaikaa bila miwani.

Msimu uliopita nilikuwa Masasi kufuatilia minada, na nikakaa nusu siku katika duka moja la miwani karibu na stendi. Kabati la kioo lilikuwa zuri. Fremu zilipangwa kwa rangi, na kila moja ina jina kubwa la Ulaya kwenye mkono wake. Akaingia mzee mmoja kutoka upande wa Newala, kofia mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Binti wa duka alimvisha fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee alikuwa mpole, lakini hakuwa mjinga. Kila alipovishwa aliinama kama mtu anayeokota korosho chini ya mti. "Hii inateremka," alisema. "Nikiinama inaniacha." Ya nne ilikaa, lakini ilikaa juu ya mashavu, na alipocheka ikapanda kwenye nyusi. Ya tano ilimbana masikio. Kabati lote lilikuwa na fremu kama sabini, na zilizomkaa vizuri zilikuwa mbili. Moja ya hizo mbili ilikuwa ya kike.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma namba. Wewe unayesikiliza, ukiwa na miwani ivue, utazame upande wa ndani wa mkono wake. Aghalabu utaona namba tatu, mathalani 52, 18 na 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja kwa milimita. Ya pili ni nafasi kati ya lenzi mbili, yaani mahali pa pua. Ya tatu ni urefu wa mkono mpaka nyuma ya sikio. Katika kabati lile namba ya katikati ilikuwa 15, 16, 16, 17. Fremu hizo zimechorwa kwa pua nyembamba iliyosimama. Pua za wengi wetu ni pana na daraja lake liko chini. Fremu ya plastiki yenye nafasi ya 16 haitulii juu ya pua hiyo, inaikalia kama mtu aliyekalia ukingo wa kiti.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alichagua fremu jinsi sisi sote tunavyochagua shati, kwa macho na kwa jina. Naye alikiri kwamba fremu zinazokwenda haraka ni chache, na nyingine amekaa nazo mwaka wa tatu. Kwa maneno mengine, mtaji wake umelala kabatini, umevaa majina ya watu.

Niseme kidogo juu ya majina hayo, maana yanatupumbaza hata sisi wa mijini. Fremu nyingi zenye majina ya washona nguo mashuhuri hazitengenezwi na washona nguo. Jina hukodishwa kwa mwenye kiwanda. Kampuni ya Luxottica, iliyoanzishwa na Leonardo Del Vecchio mwaka 1961 katika mji mdogo wa Agordo huko Italia, imetengeneza fremu za majina mengi namna hiyo, ikainunua Ray-Ban mwaka 1999, na mwaka 2018 ikaungana na watengeneza lenzi wa Ufaransa, Essilor. Hizo ni fremu halali. Zinazofika kwenye kabati la Masasi kwa bei ya walalahoi ni jina lililogongwa na mtu ambaye hakumwomba mwenyewe ruhusa. Mnunuzi analipia herufi, na herufi hazishiki lenzi.

Kinachoshika lenzi ni bawaba na skrubu. Hapa nitatoa maoni yangu, na mafundi wa mjini watanipinga. Bawaba zenye springi ndani, zile zinazouacha mkono upanuke nje na kurudi, ni raha dukani na ni balaa Newala. Springi ikifa, hakuna fundi wa kuifufua, fremu nzima imekwisha. Bawaba ya kawaida, yenye meno yanayoingiliana na skrubu moja iliyonyooka, ikilegea unaikaza kwa bisibisi ndogo, ikidondosha skrubu unatia nyingine. Ningekuwa mimi mwenye duka Masasi, nisingenunua hata pea moja yenye springi, labda kwa mteja anayeiomba mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo muuza jumla wa Dar es Salaam hawezi kulijua asipoambiwa. Katikati ya mwaka mikorosho hupulizwa dawa ya kuzuia ubwiriunga, na dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni salfa ya unga. Salfa haipatani na shaba. Sasa fremu nyingi za chuma za bei nafuu, chini ya ile rangi ya dhahabu, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Jasho la shambani huichuna rangi, salfa na chumvi ya jasho humalizia kazi, na fremu iliyokuwa dhahabu Novemba inakuwa nyeusi hapa na ya kijani pale, tena nikeli yake huwawasha ngozi baadhi ya watu. Dawa ya hilo ni chuma kisichoshika kutu, ambacho Kiswahili chetu kinakiita chuma cha pua. Pua hiyo si hii ya usoni, lakini kwa fremu jina limefaa kabisa.

Fremu ya chuma cha pua ina faida ya pili. Vile vipande viwili vidogo vinavyokaa puani vimefungwa kwenye waya, na waya unapindika. Fundi mwenye koleo ndogo anavipanua kwa mzee mwenye pua pana na kuvibana kwa mtoto wake. Fremu moja, pua mbili. Plastiki nayo si ya kutupwa, lakini si plastiki zote ni ndugu. Ile iitwayo asetati hulainika ikipashwa moto kidogo, ikafuata uso wa mtu. Ile ya bei rahisi kabisa, iliyomiminwa kwenye kalibu, ukiipasha hupinda vibaya, ukiikunja hufanya weupe penye bawaba, na weupe huo ni tangazo la kifo chake.

Binti wa duka aliniambia pia kwamba wazee wanataka fremu kubwa, na vijana wanawacheka. Nilimkumbuka hayati Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, Rais wetu kuanzia 1995 hadi 2005 na kabla ya hapo mhariri wa magazeti, ambaye tulizoea kumwona na miwani yake. Kumbe wazee wana haki. Lenzi ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja inahitaji kimo, maana sehemu ya kusomea iko chini. Ukiitia kwenye fremu nyembamba kama ufito, mashine inapoikata lenzi inaondoka na sehemu ile ile mteja aliyoilipia. Na akina mama wanaojifunga ushungi wanahitaji mikono myembamba, iliyonyooka, inayopita chini ya kitambaa bila kukivuta. Katika kabati lile la fremu sabini, mikono mingi ilikuwa mipana kama rula, yenye nakshi.

Sasa tufike kwa muuzaji, kwa sababu fremu mbaya haijileti yenyewe.

Mwenye duka wa Masasi ana njia tatu. Ya kwanza ni kupanda basi kwenda Kariakoo na kujichagulia kwa mkono wake. Ya pili ni kumsubiri wakala anayezunguka mikoani na masanduku yake ya sampuli. Ya tatu, ambayo simu za siku hizi zimeifanya ionekane rahisi, ni kuagiza mwenyewe China, ambako miji kama Wenzhou, Shenzhen na Xiamen hutengeneza fremu, na Danyang katika jimbo la Jiangsu hutengeneza lenzi kwa wingi wa ajabu.

Njia ya tatu ina ukuta. Kiwanda hakiuzi fremu tatu tatu. Kinataka mamia ya mtindo mmoja, na mtindo mmoja kwa mamia ni miaka mingi ya wateja wa duka dogo. Nilimwuliza mwenye duka kwa nini asiungane na wenzake wa Newala, Nachingwea, Mtwara na Lindi wakaagiza pamoja, kila mmoja akachukua fungu lake. Alicheka. Akasema kila mmoja anaogopa mwenzake atajua bei yake. Nami nikashangaa, maana mkulima wa wilaya hizo hizo anauza korosho yake kupitia vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, lakini anayemuuzia mkulima huyo miwani ananunua peke yake kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Wakala wa masanduku ana utamu wake, maana anatoa mali kauli: chukua sasa, nilipe baadaye. Lakini baadaye lini? Wengi wanataka fedha yao kwa miezi mitatu. Ukichukua mzigo Mei, deni linaiva Agosti, na Agosti mjini Newala hakuna anayenunua miwani. Ukichukua Septemba, unategemea minada iende kama ilivyopangwa. Tunakumbuka Novemba 2018, Serikali ilipowaweka kando wanunuzi binafsi, ikatangaza kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa miezi. Mwenye duka aliyekopa mzigo wa Septemba mwaka ule hakuwa na la kumwambia wakala. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza muuzaji si bei. Ni kama atakubali kulipwa Desemba, na afanyeje mnada ukichelewa.

Swali la pili ni vipuri. Duka nililokaa lilikuwa na boksi la viatu lililojaa fremu zenye mkono mmoja. Niliyahesabu majeruhi hayo nikaacha nilipofika thelathini. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alikuwa ameulizwa kama ana mikono ya akiba, akajibu kwamba mtindo ule umekwisha, mwaka huu kuna mitindo mipya. Hapo ndipo penye mtego. Muuzaji anayebadilisha mitindo kila safari anapendeza kabatini, lakini kila fremu anayouza ni yatima. Ni heri yule mwenye mitindo kumi ile ile mwaka hadi mwaka, kila mmoja kwa saizi mbili na rangi mbili, anayeuza pia mikono, skrubu na vile vipande vya pua kwa pakiti. Mkono wa fremu ya Novemba utaingia kwenye fremu ya Machi.

Hesabu ya mfano tu: mwenye uwezo wa kununua fremu 60 akinunua mitindo 60, kila mtindo una pea moja, saizi moja, na ukiuzwa umetoweka. Akinunua mitindo 12 kwa pea tano tano, mzee wa pua pana na mzee wa pua nyembamba wote watapata kitu, na fremu moja ikifa inakuwa ghala la vipuri la nne zilizobaki. Kabati litaonekana halina mbwembwe. Ni kweli.

Wapo watakaosema, kwa nini haya yote, si kuna miwani ya msaada? Mara kwa mara makanisa na wafadhili huletewa maboksi ya miwani iliyotumika Ulaya na Marekani. Nia ni njema. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima miwani ya namna hiyo na kukuta kwamba iliyofaa kumvalisha mtu ilikuwa kama 7 katika kila 100. Nyingine zimekwaruzika, au zina namba za macho ya mwenyewe aliyeko Ohio. Na zote, bila shaka, zina pua ya Ohio.

Ile miwani ya kusomea iliyo tayari, inayouzwa na machinga stendi, mimi siipigi vita. Mtu ambaye macho yake mawili yanalingana na shida yake ni umri tu, itamfaa, mradi asiikalie. Ila machinga hampimi mtu mtoto wa jicho wala presha ya macho, na presha ya macho haina maumivu ya kukuamsha mapema. Nchi yetu ina Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 na baraza lake, na kazi ya kupima ina wenyewe waliosomea, wengi wao pale KCMC Moshi. Duka linaloajiri mtu wa namna hiyo limekwisha kuingia gharama kubwa. Ndiyo maana inauma kuona kazi yake nzuri, namba aliyoipima kwa uangalifu nusu saa nzima, inawekwa kwenye fremu itakayoteremka puani mteja akiinama.

Yule mzee wa Newala alichukua ile fremu ya kike. Binti alipaka wino mweusi yale maua mawili ya pembeni, akapanua vipande vya pua kwa koleo, akamwambia, "Babu, ikilegea usifunge na uzi, nitumie kwa mtu wa basi." Mzee akainama tena kama anaokota korosho. Ikashika. Akalipa, akaomba skrubu mbili za akiba zifungwe kwenye karatasi, na duka halikuwa nazo.

Nimempigia simu mwenye duka juzi kabla ya kuja hewani. Ameagiza mitindo minane badala ya sitini, namba ya katikati 18 hadi 20, chuma cha pua, bawaba za skrubu. Muuzaji amekubali nusu ya malipo iwe Desemba. Juu ya skrubu za akiba, amesema atazileta pakiti mbili kwa basi la Jumamosi, na kwamba ile fremu ya mzee bado haijarudi.